Mkono wa Feza Kwenye Wavu

Nilipokuwa mtoto wa kufukuza kunguru kwenye dagaa, pale ufukweni Ujiji, mwanamke hakuruhusiwa kugusa wavu. Akiugusa, ziwa linanuna na watu wanalala njaa. Nilishachapwa kwa kosa hilo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni hadithi tu.

Miaka hiyo watu walikuwa wakivuka ziwa kukimbia vita Kongo, na Bibi yangu akampokea mmoja wao, Feza. Feza alizaliwa mwanamume, akaishi kama mwanamke: kitenge, hereni, na sauti yake nzito. Mimi nilimwita shangazi. Alinisuka nywele bila kuniumiza, jambo ambalo mama yangu mzazi hakuliweza.

Maneno yakaanza. Shehe wa mtaani na mchungaji, ambao hawakuwahi kukubaliana hata siku ya kufagia mtaro, kwa Feza wakawa kitu kimoja: ni dhambi, apelekwe kambi ya wakimbizi. Bibi akawatolea macho.

"Kambini kwa lipi? Kabla ya dini zenu, huku Buha tulikuwa na wabandwa. Mwanamume akipandwa na pepo wa kike, alivaa kike, na tulimwamkia kama mama. Mama yangu aliwapigia magoti. Nyie mmezaliwa jana!"

Kisha akamshika Feza mkono, akampeleka kwenye mtumbwi wa mjomba, akamwambia abariki wavu. Mtu wa namna yake, alisema, ziwa halimnunii.

Feza akasita. "Mama, na samaki wakikosekana?"

"Mimi nipo."

Weee! Dagaa walijaa mpaka tukaanika juu ya mabati. Kila mwenye mtumbwi akamtaka Feza, na Bibi akawa anatembea kifua mbele.

Giza lililofuata, maana dagaa huvuliwa mbalamwezi ikiisha, nyavu zilirudi tupu. Wavuvi wakaja uani, wakauliza nani alimruhusu mwanamke kugusa wavu. Kumbe leo ni mwanamke! Feza akamtazama Bibi. Na mimi nikamtazama, nikingoja awataje wale wabandwa.

Bibi akasema, "Mimi nilimpa pa kulala tu. Ya wavu alijipeleka mwenyewe."

Feza alikunja vitenge vyake, akasema, "Asante kwa chakula, Mama," akapanda lori la kambini. Mimi aliniacha nimesukwa upande mmoja. Jioni Bibi alichukua kitana animalizie. Nikakataa, nikalia mpaka nikatapika.

Dagaa walirudi baadaye, kama wanavyorudi siku zote. Hakuna aliyekwenda kumrudisha Feza.

Siku hizi nikiwasikia watu redioni wakibishana kwamba watu kama yeye ni mambo ya kuletwa, nazima redio. Nilifundishwa kwamba hawakuletwa, na aliyenifundisha ni Bibi. Nilimpenda, nilimzika, nikamlilia. Lakini kumsamehe sijaweza. Shehe na mchungaji walisema walichokiamini. Bibi alikuwa anajua.