Picha ya Shamba Langu Nikiwa Eda

"Mama mkubwa, hili ni pori. Picha si unaiona mwenyewe?" Hivyo kaniambia mtoto wa mdogo wangu mbele ya mtendaji wa kijiji, simu kanisogezea mpaka puani. Anataka apewe shamba la mikorosho alilotuachia mama, eti nimelitelekeza.

Picha kaipiga mgeni mmoja anayezunguka Newala hii akipiga mabonde na miti. Nyasi zimefika kiunoni, ukungu umelala juu yake, mtu hamna.

Mtendaji akaitazama, akatabasamu. "Panatuliza roho hapa."

Nikamwambia, "Baba, wakati huo nilikuwa eda. Mume wangu kafa msimu wa palizi, nikakaa ndani. Nani angelima?" Nikamgeukia mwenye simu. "Na wewe ubwabwa wa arobaini ulikula kwangu, ukaomba na ukoko."

Mtendaji kasema atafikiria, kisha akaomba arushiwe ile picha, eti nzuri.

Wewe unayekwenda Masasi, nasikia huyo mpiga picha kaelekea huko; ukimkuta mwambie: utulivu alioupiga ni msiba wangu. Aje apige tena, nimesimama katikati na jembe.