Kipindi Kilichofutwa

Mtu akiniuliza mganga wa hospitali anahitaji somo la mila na historia kwa kazi gani, damu inanichemka. Niliulizwa hivyo hivyo miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi katika chuo kidogo cha waganga wasaidizi nje ya mji wa Kasulu, na aliyeuliza alikuwa mkuu wa chuo.

Tulikuwa na kipindi kilichoitwa Maarifa ya Jumla. Mwalimu wake alitueleza mvua zinatoka wapi, Wajerumani walipita wapi, watu wa huku wanazikaje na wanaogopa nini. Alituahidi kwamba mwaka wa pili angeanza na ndoa na mambo ya ukwe. Hakikuwa na mtihani, basi wenzangu walikitumia kusinzia. Mwaka wa pili ulipofika, mkuu akakifuta.

"Mganga na mila wapi na wapi?" alisema. "Mifupa ya Muha na ya Mzaramo ni ile ile."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi, binti wa Kiha wa Makere, nilinuna nimekunja mikono. Saa ya kipindi kile tukaongezewa somo la mifupa.

Tulipopelekwa mazoezini, mimi na kijana mmoja wa Pwani tulipangiwa zahanati moja upande wa Kibondo. Alikuwa wa kwanza darasani, msafi, mchapakazi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Yeye aliandikisha wagonjwa, mimi nilikuwa chumba cha sindano.

Asubuhi moja, tulipokutana kwenye chai, alikuwa anacheka.

"Dada, watu wenu hawa! Kuna mama pale tangu tulipofungua, eti hawezi kutaja jina la mwanawe. Nikamuuliza, huwezi au hulijui? Nimemwambia akae pembeni mpaka alikumbuke. Bila jina sitoi cheti."

"Mtoto ana nini?"

"Homa."

Nilikiacha kikombe mezani nikatoka mbio. Yule mama, msichana tu, alikuwa chini ukutani, na mtoto mapajani tayari amekakamaa, macho yamegeuka. Nilimuuliza kwa Kiha kama mtoto ana jina la baba mkwe wake. Akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

Huku kwetu mwanamke halitaji jina la baba mkwe. Hata kama ni jina la kitu cha jikoni, atakitafutia neno jingine. Mkubwa na mdogo wanalijua hilo. Kwa kawaida angekuja na wifi yake, wifi akalitaja, yakaisha. Lakini walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, ndugu wametupwa huku na huko, na aliokaa nao benchi moja hawakumjua. Alichohitaji ni mtu wa upande wa pili wa meza anayejua hayo, na huyo alikuwa amejazwa mifupa kichwani.

Nilimchoma mtoto sindano bila cheti. Tulimpoza kwa maji, tukahangaika naye. Alifia mikononi mwangu kabla ya adhuhuri.

Nilimtukana mwenzangu mbele ya wagonjwa, matusi ambayo marehemu mama yangu asingependa kuyasikia, na sijutii hata moja. "Sikufundishwa," alisema. Nilitaka kumzaba kofi, lakini alisema kweli. Kofi lilikuwa la mkuu wetu wa chuo, na la wale wote waliopiga makofi ukumbini.

Jioni babu wa mtoto alifika kwa miguu kuuchukua mwili. Utaratibu ulikuwa ni ule ule: bila jina mwili hautoki. Mwenzangu alishika kalamu, safari hii haulizi kwa sauti ya juu.

"Samahani, mzee. Marehemu aliitwa nani?"

Mzee akalitaja pale pale, bila kusita, kwani lilikuwa jina lake mwenyewe.