Sarafu Kumi na Saba za Cletus

Cletus wa Litapunga si mtu wa maneno. Kwenye mikutano ya kijiji hukaa karibu na mlango, na akiulizwa jambo hujibu akitazama chini. Lakini tangu Jumapili ile paroko alipomsimamisha Rénovat kanisani, watu wakapiga makofi hadi njiwa wakaruka darini, roho ya Cletus ilikuwa haitulii.

Rénovat ni jirani yake, shamba kwa shamba. Alikuwa amepeleka sarafu tisa kwenye chumba cha kumbukumbu cha parokia, faranga ambazo baba yake alitoka nazo Burundi akikimbia, zimefungwa kwenye pindo la shuka. Ziliwekwa ndani ya kabati la kioo, na chini yake kadi nyeupe yenye jina lake.

"Tisa tu," Cletus alimwambia mkewe, Pelagia. "Mimi ninazo kumi na saba. Na zangu zimetoka kwenye udongo wa hapa hapa."

"Si uzipeleke basi, Baba Glory, kuliko kununa mwezi mzima?"

Alikuwa nazo kweli. Tangu amalize darasa la saba na kushika jembe, kila sarafu ya kale aliyoifukua aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga: heller za Mjerumani, senti kumi za Mwingereza zenye tundu katikati. Kila moja alijua ilikookotwa. Hakuwahi kufikiria kuzitoa. Sasa hakufikiria kingine. Hata mahindi ya Rénovat, yaliyopandwa wiki moja na yake, alianza kuyaona yamemzidi kimo.

Ijumaa alizimwaga kwenye beseni. Kwao kitu cha kanisani hakiendi kichafu. Hata kuku wa sadaka huoshwa miguu. Akachukua majivu, mchanga na limau, akasugua. Zile za Rénovat zilikuwa nyeusi kama kwato, alikuwa ameziona mwenyewe. Zake zitawaka! Kila alipokumbuka yale makofi, aliongeza mchanga.

"Unasugua sarafu au unamsugua Rénovat?" Pelagia aliuliza akipita na ndoo.

Cletus akachota mchanga mwingine. Hadi jua linazama, zilikuwa zinameta kama vifungo vya askari.

Kesho yake akazipeleka kwa Sista Verdiana, mtunzaji wa kile chumba. Akamkuta Rénovat pale pale, ameleta wageni wake waone kabati.

Sista akachukua heller moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, hii ilikuwa na picha gani?"

"Taji la Mjerumani, Sista."

"Liko wapi?"

Cletus akachungulia. Taji lilikuwa limeondoka na mchanga. Kwenye senti kumi, pembe za ndovu zilibaki mikwaruzo, na mwaka haukusomeka hata kwa miwani ya Sista.

"Ule weusi ndio uzee wake," Sista alisema polepole. "Ungeniletea na matope yake."

"Pole, jirani," alisema Rénovat. "Mimi zangu zilinusurika kusuguliwa kwa uvivu wangu tu."

Alisema kwa wema, na wema ule ulimchoma Cletus kuliko kicheko.

"Nyie watu na majivu yenu!" Sista akatikisa kichwa. "Kila mwezi naletewa vitu vya namna hii. Sikiliza, Baba. Ukikubali, nitaziweka zote, na kadi itaeleza kwamba zilisuguliwa kwa mchanga, ndiyo maana zimefutika. Wengine wajifunze. Usipotaka, zichukue, hakuna ubaya."

Cletus akasimama na kopo lake tupu. Akizirudisha, kabati litabaki la Rénovat peke yake. Akiziacha, kila mwanafunzi atakayepita atausoma ujinga wake. Akalitazama kabati. Akamtazama Rénovat, ambaye alikuwa anawaonyesha wageni kadi yake kwa kidole.

"Andika," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyozoea. "Na nitakutajia kila moja ilikotoka. Hayo hayajafutika. Uyaandike pia."

Sista akavuta kiti. Wakaenda moja moja: hii kichuguu cha bondeni, hii nilipochimba msingi wa nyumba, hii mizizi ya muhogo. Wageni wa Rénovat wakasogea kusikiliza.

Mwishoni Sista akaandika kwa herufi kubwa: Cletus Maiko. Cletus akainama, akapima kwa macho kadi hii na ile ya kabatini.

"Samahani, Sista. Jina la mwenzangu limefika ukingoni. Niongezee na la babu."