Oveni Inapumulia Wapi?

Oveni ilifika kwetu mtaani Ayany ikiwa uchi. Sikujua kuwa oveni za kujengewa ndani ya kabati huja hivyo: mbele kioo na vitufe vya kung'aa, nyuma bati tupu na nyaya nene zinazochungulia. Mama alipewa na mwajiri wake wa zamani, alipokuwa akibomoa jikoni mwake ajenge upya. Kwa miaka tisa huko kazini mama aliipangusa oveni ile bila kuoka keki yake mwenyewe hata moja.

"Sasa ni yangu," akaniambia. "Wewe si umesoma? Nipangie jikoni."

Mimi nilisomea historia. Lakini sina kazi, na mtu asiye na kazi huwa na muda mwingi wa kuogopa. Jikoni kwetu ni hatua tatu kwa mbili. Nilipachora mara saba. Oveni ikikaa ubavuni mwa friji, joto litaisumbua friji. Ikikaa karibu na sinki, maji na umeme vitakutana. Karibu na mlango, mtoto wa dada yangu atapita akitambaa na kushika kioo cha moto. Mwishowe nikaiweka kwenye pembe kavu, kimo cha kifua cha mama, asiiname na sufuria ya moto. Fundi wa stima alikuwa ameshapitisha waya wa oveni peke yake, na swichi yake nyekundu tukaiweka pembeni, mahali mkono unafika bila kupita juu ya moto. Kisha nikachora kabati lililofungwa pande zote, lisilo na tundu hata la sindano. Hilo ndilo lililonipa usingizi.

Nikapeleka mchoro kwa fundi wa mbao, kituo cha Kawangware 56.

"Niaje, msomi." Akaugeuza mchoro, akaugeuza tena. "Umechora poa. Nani amekufa?"

"Kwa nini?"

"Si hili ni jeneza? Hii oveni inapumulia wapi?"

Nikamweleza kwamba nimeziba kwa makusudi, iwe salama. Akaniuliza nimekulia wapi. Nikamwambia Kianda, kule Kibera, kwa nyumba ya mabati.

"Ndio maana," akasema, akachukua penseli yake sikioni.

Nilirudi nyumbani nikilitafakari hilo. Kianda usalama ulikuwa kuziba. Gunia chini ya mlango, gazeti na uji wa unga kwenye matundu ya ukuta. Tulizuia panya, vumbi, moshi wa jirani, na macho ya jirani. Sikuwahi kufikiria kwamba kitu kinaweza kuharibika kwa kukosa ufa. Fundi alitaka kabati lisilo na mgongo: hewa baridi iingie chini, ipande nyuma ya oveni, itokee juu.

Kabati lilipokuja na kufungwa ukutani, tukaiwasha oveni kujaribu. Mama alikuwa ameshakoroga unga. Baada ya dakika chache nikasikia harufu ya uzi unaoungua. Nikaruka kwenye swichi, nikazima, nikangoja ipoe. Nilipopitisha vidole kwenye ufa ulio chini ya oveni nikagusa kitu laini. Kilikuwa kitambaa cha kochi, kile alichofuma mama mwenyewe, kimekunjwa mara nne.

"Mama, nani ameziba hapa?"

"Mimi. Unataka panya walale kwa oveni yangu?"

"Na kule kazini ilikuwa inapumulia wapi?"

"Sijui," akasema. "Mimi nilikuwa napangusa uso wake tu."

Akapiga magoti, akaniomba simu yangu, akamulika. Tukalaza mashavu kwenye ubao ulio chini ya oveni wote wawili, tukichungulia nyuma ya kitu alichokiosha miaka tisa. Alitaka kujua kila kitu: waya huu unaenda wapi, feni ile ni ya nini, mbona huku hakuna rangi.

Panya tulimpatia jibu lake: kipande cha wavu wa waya, tukakipigilia juu ya ufa. Hewa inapita, yeye hapiti. Tukawasha tena. Nilisimama kando ya swichi muda wote, mkono tayari, na mama akaweka kiganja juu ya kabati.

"Kuja uguse," akasema. "Inatoa pumzi."

Keki ilipasuka katikati. Alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama, hakuniuliza kama nataka. Kitambaa alikirudisha kwenye kochi, upande ulioungua ukiangalia mbele.