Moyo Uliokataa Kufika

Utotoni mwangu kule Rubondo, kambini Nakivale, Uganda, moyo uliokwenda mbio haukuitwa ugonjwa. Ulikuwa ni moyo wa mkimbizi ambao haujaambiwa kwamba vita vilibaki kwetu Kivu, Kongo. Koko, mama yake Baba, ndiye aliyeuambia.

Mama, moyo ulimshika ghafla akipepeta maharagwe, ukadunda mbio, sawasawa, kama mchi. Koko akamzamisha uso ndani ya beseni la maji baridi, akifoka kama anayefukuza mbuzi shambani: "Moyo, simama! Tulishafika!" Mama akaibuka akikohoa, moyo umetulia papo hapo. Tangu siku hiyo Koko alipita Rubondo nzima kifua mbele, kama askofu wa beseni.

Kisha ukaja wa Baba. Wake ulijikwaa, ukaruka, ukakimbia tena, naye akihema hata ameketi. Koko akamzamisha. Akamzamisha tena. Mimi nilicheka, maana Baba alifanana na bata. Watu wazima hawakucheka.

"Kuna mutu anakufuata," Koko akasema. "Uliacha nani mu njia?"

"Mama, acha nipumue."

"Sema jina, utapona!"

Baba akatazama chini, maji yakimtiririka kidevuni. "Bahati."

Bahati alikuwa kitinda mimba wa Koko. Siku zote Koko aliamini kwamba homa ilimuua njiani akikimbia vita na Baba, Baba akamzika.

"Sikumuzika, Mama. Nilishindwa kumubeba. Nilimuacha angali anapumua."

Koko akakaa chini, polepole. Na moyo wa Baba, baada ya yote hayo, uliendelea kukimbia.

Ndipo tukampeleka hospitali ya Mbarara.

"Ile ya mkweo ni ingine," daktari alimweleza Koko. "Umeme wa moyo unapata njia ya mkato, unazunguka, maji baridi inaweza kuukata. Hii ya kijana wako, vyumba vya juu vinatetemeka ovyo. Mlango wa moyo uliharibiwa na ugonjwa wa koo ya utotoni. Kuna watu inawapata sababu ya goita, ule uvimbe wa shingo, au damu kidogo. Na kuna ile ya vyumba vya chini, hiyo inaua haraka."

Koko alisikiliza yote. "Basi haikuwa lazima aseme?"

"Aseme nini, Mama?"



Vidonge vilimpunguzia Baba mbio. Koko aliendelea kumpikia, lakini hakumwita tena mwanangu. Leo naishi kwa kuchekesha watu, na kwa hili sijapata mzaha. Baba angeugua tu. Ila kama tungeanzia Mbarara, Koko angekufa akiamini kwamba mtoto wake wa mwisho alizikwa.