Nilivyomfungia Tabu Ghalani Miezi Minane

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata pale ninaposahau nilikoweka miwani yangu. Ilikuwa Jumamosi, nami nimekaa barazani kwetu Mabawa, mjini Tanga, nachambua mchele. Mwanamke nisiyemjua akasimama mbele yangu, buibui lake lina vumbi la safari, mkononi kashika kijitabu kilichochakaa hata jalada limekuwa laini kama kitambaa. Akauliza kama hapo ndipo kwa Saumu, yule mwandishi. Nikamjibu kwamba Saumu ni mimi, lakini uandishi nimeuacha.

Akaketi bila kukaribishwa.

"Kama umeuacha ni shauri yako," akasema. "Niambie tu Tabu alitokaje ghalani, nikamwambie mama. Kaniapiza nisirudi kwetu Mwera bila jibu."

Mwanangu, ili uijue aibu iliyonishika pale, sina budi nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpiga taipu katika ofisi moja ya Usagara. Kila siku baada ya sala ya alfajiri niliandika kwa kalamu mpaka jua lichomoze, na mchana wenzangu wanapokwenda kula, mimi nilibaki napiga taipu nilichoandika. Hadithi zangu zilikuwa za upelelezi. Watu wanauana, watu wanapendana, na wengine wanafanya yote mawili. Mzee Shaibu, aliyekuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa, alizitoa kwa vijitabu vyembamba, sehemu moja kila mwezi, vikauzwa sokoni na stendi ya mabasi. Mwisho wa kila sehemu nilimwacha mtu hatarini ili msomaji akae roho juu. Leo nyinyi waandishi vijana mnafanya yaleyale kwenye simu. Mnaandika "itaendelea" na watu wanawatumia vikatuni vya kulia. Kilichobadilika ni karatasi tu.

Hadithi iliyonipa jina ilikuwa ya Tabu, muuguzi aliyekuwa akimsaka muuaji wa kaka yake. Sehemu ya sita niliimalizia ndani ya ghala la mkonge. Tabu kagundua kuwa muuaji ni mchumba wake mwenyewe, na mchumba naye kajua kwamba amegunduliwa. Mchumba akaufunga mlango kwa ndani, wote wawili wamo, kufuli likalia, basi.

Wiki ile kijitabu kilipotoka tulikuwa na arusi ya ukoo. Akaja shemeji yangu mmoja, mume wa binamu yangu, msomi anayefundisha vijana huko Dar es Salaam. Akakiona kijitabu dirishani, akakifungua kwa vidole viwili, akasoma ukurasa mmoja.

"Shemeji Saumu," akaniambia kwa upole, "una kipaji. Mbona unakitupa kwenye takataka? Mtu mwenye akili zake hasomi mambo haya ya bastola na mapenzi. Andika kitabu."

Angenitukana ningelimjibu, maana mdomo ninao. Lakini yeye alinihurumia, na huruma ya namna ile huingia mpaka kwenye mfupa. Jumatatu yake nikaenda kwa Mzee Shaibu, nikamwambia sehemu ya saba haiji.

"Na wasomaji?" akaniuliza.

"Watasahau," nikasema.

Nikaanza kuandika kitabu kikubwa. Miezi minane nilihangaika nacho, nikapata kurasa ishirini. Kila sentensi niliivisha joho, lakini ukilifunua hilo joho, ndani hamna mtu. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbacha wangu nilikwisha kuukunja, na msala wenyewe sikujua hata kuukalia.

Basi huko ndiko nilikokuwa siku alipokuja Mwanahawa, maana ndilo lililokuwa jina la yule mgeni. Mama yake, Bi Zaina, alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu imemvimba, pumzi haimtoshi, na hospitali walikwisha kumrudisha nyumbani kwa maneno ya taratibu ambayo kila mtu aliyaelewa. Kusoma hakujua hata herufi moja. Mwanahawa ndiye aliyemsomea, na sehemu zote sita alikuwa amemsomea mara nne.

"Mwambie Tabu aliokolewa," nikasema.

"Na nani?"

Wallahi mwanangu, sikujua. Nilikuwa nimemfungia mtoto wa watu ndani, nikaondoka na ufunguo, wala sikuwahi kujiuliza atatoka vipi.

"Nimwambie hujui?" akauliza Mwanahawa.

Nadhani kilichonisukuma kilikuwa kiburi. Niliona heri niende nikamdanganye mgonjwa mwenyewe, kuliko isemekane Saumu haijui hadithi yake. Kesho yake, Jumapili, tukapanda basi pamoja kwenda Mwera.

Bi Zaina alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, miguu imewekwa juu ya mto. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye? Nilidhani ni mtu mzima."

Wanawake wa jirani wakasikia mwandishi kafika, wakaingia mmoja mmoja, wakakaa mkekani. Nikaanza. Nikasema inspekta mmoja hodari alikuwa akipita njia, akasikia ukelele, akauvunja mlango, akamtia pingu yule mchumba, na Tabu mwishowe akaolewa na huyo inspekta. Nilisimulia kwa madaha, na wanawake wakashukuru Mungu. Mmoja hata alifuta machozi.

Bi Zaina akangoja pumzi yake ikae sawa.

"Huyo inspekta katokea wapi?"

"Alikuwa anapita, bibi."

"Anapita wapi? Ghala liko katikati ya shamba. Nani apitaye katikati ya mkonge bila shughuli, akajichome miba?"

Akaendelea kunihoji.

"Sehemu ya pili, Tabu alipofungiwa stoo na yule mwizi wa dawa, nani kamtoa?"

"Alitoka mwenyewe."

"Na ya nne, aliposukumwa mtoni?"

"Alitoka mwenyewe, bibi."

"Leo kawa gunia, anangoja kubebwa?"

Wale wanawake wakainamisha nyuso. Sikujua ni kwa aibu yangu au wanaficha kicheko. Kisha Bi Zaina akaniuliza lile swali ambalo mpaka leo najiuliza kabla sijaandika ukurasa wowote.

"Umepata kuingia ndani ya ghala la mkonge?"

"La, bibi."

"Nilijua. Umeandika linanukia kama nyasi kavu. Mimi nimefanya kazi mkongeni miaka kumi na moja, kwenye mashine ya brashi inayosafisha nyuzi. Mle ndani kuna vumbi linaloingia kooni likakaa. Ukikohoa huwezi kujificha, na Tabu wako kajificha sura nzima bila kukohoa hata mara moja." Akapumzika. "Marobota ya mkonge yanapangwa mpaka karibu na bati la paa. Kuna kulabu za kuyavutia. Kuna milango miwili, si mmoja. Miezi minane nimelala hapa namtafutia yule mtoto njia ya kutokea, na nimeipata."

"Ni ipi?" nikauliza, mwandishi mzima.

"Sikwambii. Kazi yako hiyo."

Basi nikajitetea. Nikamweleza habari za shemeji yangu msomi na alivyosema mambo haya ni takataka. Bi Zaina akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo shemeji yako alikuwa amekisoma?"

"Ukurasa mmoja."

"Mimi nimesomewa mara nne. Kwa nini umemsikiliza yeye?"

Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu, mzito kuliko nilivyotegemea.

"Binti, maradhi haya yananila mchana na usiku. Mwanahawa anapofungua kile kijitabu, saa nzima siikumbuki miguu yangu. Usikiite takataka mbele yangu. Na usije tena kunidanganya kitandani kwangu. Rudi kwenu ukamtoe Tabu."

Nikarudi Tanga. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwenye shamba moja la mkonge, nikamsihi msimamizi aniruhusu niingie ghalani. Alidhani nimetumwa kupeleleza wafanyakazi. Nilipomwambia naandika hadithi, akacheka, akanifungulia. Nilikaa mle nusu siku. Nikakohoa mpaka mbavu zikauma. Nikashika kulabu, nikajaribu kupanda marobota, gauni likachanika na kiganja kikachubuka, na wapakiaji wakasimama kunitazama kama kichaa. Sikujali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi siku ile niliinama, kisha nikapanda mpaka nikaligusa bati.

Kwa Mzee Shaibu mambo hayakuwa mepesi. Alisema wauzaji walitukanwa na wateja kwa ajili yangu, na jina langu halitaki tena kwenye mashine yake. Nikaenda tena. Safari ya tatu akanipa sharti: niandike sehemu zote zilizobaki mpaka tamati, nimkabidhi kwa pamoja, ndipo atafikiri. Atafikiri tu, hakuahidi.

Nikaandika. Kila alfajiri, ijapokuwa nina homa, ijapokuwa mvua inavuja na nimehamishia meza mlangoni. Ziko siku nilizoandika mistari minne nikafuta mitatu. Niligundua kwamba hadithi ya bastola ikitaka kusimama ni ngumu kuliko ile ya joho, kwa sababu msomaji wake hasamehe. Anataka kujua kila mlango uko wapi na nani anao ufunguo wake. Ile fahari ya kuitwa mwandishi ilinitoka, ikabaki kazi.

Sehemu ya saba ilipokamilika nikaipeleka Mwera kabla sijaionyesha kwa mtu mwingine. Nikamsomea Bi Zaina mwenyewe. Tabu akakohoa, akajulikana alipo. Akapanda marobota kwa kulabu, mchumba wake akimfuata kwa chini na taa. Akafika juu, akalibandua bati, na lile robota alilolikanyaga mwisho akalisukuma kwa miguu yote miwili, likamwangukia yule aliyekuwa chini.

Nilipomaliza, akaniambia nirudie pale pa kupanda. Nikarudia. Akafumba macho kwa muda mrefu mpaka Mwanahawa akasogea kumtazama.

"Mimi nilimtoa kwa mlango wa pili," akasema. "Wewe umemtoa kwa njia ngumu zaidi." Akafumbua macho. "Lakini ndivyo alivyo."

Tangu hapo kila sehemu niliyoimaliza niliipeleka Mwera, na kila sehemu alinirudishia na kasoro zake. Mwezi wa sita tangu nilipoanza nikamkabidhi Mzee Shaibu hadithi nzima. Akaiweka mezani bila kuniangalia. Siku mbili baadaye akapeleka ujumbe ofisini kwetu kwamba mashine imeanza kuzunguka.

Wale waliosema Bi Zaina hafiki mwezi wa Ramadhani walikosea kwa miaka mitatu. Alisikiliza riwaya mbili nyingine, na ya pili aliikosoa vibaya sana, akasema mhalifu alimjua tangu sura ya kwanza. Alipofariki niliifumua riwaya ile, nikaiandika upya, kwa sababu alisema kweli. Tangu wakati huo nimeandika nyingine kumi na nne, zote za watu wanaouana na wanaopendana. Kile kitabu kikubwa sikukimaliza, wala hakuna aliyekuja kukiulizia.

Sasa nikwambie la moyoni, wewe unayeandika, au unayefanya kazi yoyote ambayo watu wa maana hawaipi jina. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukimfungulia mtu hadithi, umemwahidi mwisho wake. Usimwache mlangoni kwa sababu mtu mwingine, ambaye hakuja kukusikiliza, amekutazama kwa huruma. Anayekukosoa muulize kwanza amekisoma kitabu chako kiasi gani. Akiwa amekisoma chote, kaa chini umsikilize hata kama maneno yake yanachoma, kwa kuwa mkosoaji wa namna hiyo anakupenda kuliko wanaokusifu. Na usiandike ghala ambalo hujaliingia. Nenda, ukaombe ruhusa, ukachekwe, ukakohoe. Kuuliza si ujinga, ila kudanganya anayekuamini ni dhambi hata ikipambwa vipi.

Usingoje kuitwa mwandishi. Amka mapema na uandike mistari yako minne, hata kama itabaki mmoja. Huo mmoja, mwanangu, kesho utakuwa na mwenzake.

Mola akupe siha ya macho na mgongo, maana kazi hii inavila vyote viwili. Akujaalie wasomaji wakali wenye mapenzi, na riziki ya halali ndani ya wino wako. Akutie moyo mgumu siku za ukavu, na moyo laini siku za sifa. Amin. Haya, funga mlango, ukae chini uandike.