Neno Lililomponyoka Dobi

Wifi yangu ni dobi, na mtaa wetu dobi hakosi kazi. Tumepakana ukuta na kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni utadhani umelipangusia sufuria. Watu wakichoka kufua na kurudia, wanampelekea yeye. Yeye naye anaanika chumbani, kwenye kamba zilizopita juu ya kitanda, nguo zinachuruzika maji mpaka unapiga chafya kabla hujamaliza kusema hodi.

Chini ya kamba hizo analala binti yake, Chiriku. Jina hilo nilimpa mimi shangazi yake, maana akianza kusema hana nukta. Ila kifua kikimbana anaishia katikati ya neno, mabega yanapanda, macho yanamtafuta mama yake. Daktari hakuzungukazunguka: "Mtoeni kwenye moshi na unyevu. Pampu ya kuvuta dawa peke yake haitoshi. Mapafu yanaharibika."

"Nimtoe nimpeleke wapi, wifi?" aliniuliza.

Alishawahi kuhamia kwa dada yake, mlimani, kwenye hewa safi. Huko nguo hazichafuki ovyo na kila mtu anajifulia. Alirudi na beseni kichwani. Kaka yangu? Huyo alikwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Simtetei.

Halafu tanuri likaharibika, kiwanda kikazimwa kikisubiri kifaa. Chiriku akaruka kamba uani, akalala usiku kucha bila kukohoa, akanichosha kwa maswali mpaka nikafurahi. Pampu, na uzi wake wa kuvalia shingoni, ikasahaulika kwenye msumari. Lakini bila moshi, nguo za kufua hazikuja. Kamba za wifi zikawa tupu, masufuria nayo matupu. Wakala kwangu, kisha na kwangu kukaisha.

Asubuhi moja king'ora cha kiwanda kikalia. Tulikuwa uani sote watatu. Moshi ukatoka kwenye bomba, mweusi, mzito, ukatushukia.

"Afadhali!" wifi akasema, akishusha pumzi.

Chiriku akaacha kuruka. "Afadhali nini, mama?"

Wifi akajiziba mdomo, lakini neno lilishatoka. Nilitaka kumfokea, ila hata mimi nilikuwa nimeshusha pumzi.

Mtoto akaidondosha kamba yake. Akaingia ndani, akapanda kitandani, akaitungua pampu msumarini, akaivaa shingoni. Kisha akatoka akiburuta beseni la mama yake.